Sare ya Edina

Kila Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi, Mama Shirin alitoa sahani ya bati chini ya kaunta ya duka lake, akaijaza sarafu za mia na mia mbili, akaiweka juu, karibu na mlango. Desturi hiyo aliikuta kwa mama mkwe wake, na maduka yote ya mstari ule, pale katikati ya mji wa Dodoma, yalikuwa nayo: la vitambaa, la vyombo, la vipuri vya baiskeli. Waombaji waliijua Ijumaa kuliko wenye kalenda. Walianzia mwisho wa mstari wakapita duka kwa duka, kila mtu na sarafu yake moja, bila kuuliza wala kuulizwa, mpaka maduka yalipofungwa kwa swala ya mchana.

Loisi aliufuata mstari huo kwa miaka sita akimwongoza mumewe, Mazengo, kwa fimbo. Yeye mbele na ncha moja, mzee nyuma na ncha nyingine, zeze likining'inia begani kwa mzee. Mazengo alipofuka kwa ugonjwa wa vikope kabla hawajahama Chemba, lakini ungemwita ombaomba mngegombana. "Mimi siombi," alimwambia kila aliyekuwa tayari kusikiliza. "Napiga, watu wanalipa. Ombaomba ni yule anayenyoosha mkono bila kazi." Loisi, ambaye ndiye aliyenyoosha mkono, hakumjibu. Alimwachia mzee heshima yake. Katika vitu vyote walivyokuwa navyo, ndicho pekee ambacho hakikuwagharimu senti.

Halafu goti la Loisi likagoma. Mwezi wa tano lilivimba hata akashindwa kutembea kutoka Miyuji, walikopanga chumba kimoja, hadi mjini. Ijumaa mbili hawakwenda, na mwenye nyumba akaanza kupitapita uani akikohoa kikohozi kisicho na mafua. Ijumaa ya tatu fimbo ikashikwa na Edina, mjukuu wao wa miaka kumi. Mama yake, binti yao Gladness, alikuwa ameolewa upya huko Chemba na mwanamume asiyetaka mtoto wa kuja naye.

"Siku moja tu," Loisi alimwambia. "Darasa la nne Ijumaa mnasoma nini? Si mnafagia tu."

"Tunasoma hesabu, bibi."

"Hesabu utaifanya huko huko."

Walipanda bajaji ya kuchangia. Loisi akaketi kivulini mwanzo wa mstari, na mtoto akampitisha babu yake duka kwa duka. Walirudi na elfu kumi na moja. Loisi alipokuwa akimwongoza mzee yeye mwenyewe, elfu tano ilikuwa siku njema. Sasa watu waliozoea kutoa sarafu walifungua pochi, na wapita njia waliozoea kuangalia simu zao walisimama.

"Umesikia?" Mazengo alisema njiani, uso umemchangamka. "Ule wimbo wa mvua wameupenda."

"Wameupenda," Loisi alisema.

Basi Ijumaa ikaivuta Alhamisi, Alhamisi ikaivuta Jumatano. Jioni, uani, Loisi alimfundisha mtoto. Usimtazame mtu usoni. Piga goti kidogo. Mikono yote miwili, siyo mmoja, mmoja ni kiburi. Akishatoa, sema taratibu: Mungu akuzidishie, akurudishie pale ulipotoa. Edina alikuwa mwepesi wa kushika jambo. Jioni mbili zilitosha.

*

Mwalimu Zablon alikuja siku ya Jumapili baada ya ibada, bado amevaa suruali ya kanisani. Kijana wa watu, hajafika hata miaka thelathini. Alikataa kigoda akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono katikati ya magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hatuna hata chai."

"Nimeshakunywa. Bibi, nimekuja kwa ajili ya Edina. Siku kumi na saba hajaonekana darasani."

"Alikuwa na homa."

Zablon aliinama akaitazama ardhi. "Bibi, mimi nilimwona sokoni Jumatano. Nilikuwa na walimu wenzangu wawili. Nikawageuza tukapita njia nyingine, asije akaona aibu."

Loisi alishika mlenda aliokuwa akiuchambua, akauweka chini, akaushika tena. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ndani ya chumba zeze lilikuwa likilia kwa sauti ya chini, kisha likanyamaza. Mzee alikuwa anasikiliza.

"Mtoto ana kichwa," Zablon aliendelea. "Kwenye hesabu anawaacha mbali hata wanaosoma tuisheni. Lakini akikosa siku nyingine tatu, inanibidi nipeleke jina kwa mtendaji wa kata. Hapo watakuja watu wa ustawi wa jamii. Wakimkuta mtaani wanaweza kumpeleka kwenye makao ya watoto."

"Watamchukua?"

"Kwa muda. Sijui muda gani. Sisemi kwa kukutisha, bibi."

"Mwalimu, huyu ndiye macho ya babu yake."

"Najua. Ila macho hayo yana miaka kumi."

Alipoondoka aliacha sabuni ya kipande juu ya ndoo, kimyakimya, mtu asije akalazimika kumshukuru.

*

Ijumaa iliyofuata kodi ilikuwa imebaki siku nne, na Edina akaenda tena. Loisi alijiambia kwamba siku ni tatu na hii ni moja. Lakini walipofika kwa Mama Shirin, sahani ilikuwa tupu makusudi, na mwenyewe alikuwa ameweka kiti cha plastiki ndani, kando ya majora ya vitenge.

"Bibi Loisi, ingia. Kaa."

"Shikamoo, mama," Loisi alisema. Alikuwa amemzidi Shirin miaka mitatu au minne, wote wawili walilijua hilo, na kwa miaka sita shikamoo ilikuwa inatoka upande uleule.

"Marahaba. Leo ni siku ya shule, Bibi Loisi."

Alnashir, mtoto wa Shirin, alikuwa anakata kitambaa kwenye meza ya nyuma. Alisema bila kuinua kichwa, "Mimi nilisema, mama. Ukimpa mtoto hela mtaani umempa ajira. Kesho atarudi kazini."

"Alnashir, nyamaza kidogo." Shirin alivuta kiti chake karibu. "Lakini anasema kweli. Tangu mwezi wa tano mimi namtilia huyu mtoto elfu moja mkononi, siyo kwenye sahani. Namwonea huruma. Nalala nikijiona nimefanya jambo jema. Kumbe mimi na wenzangu tumemtoa shule kwa elfu moja moja. Na wewe hukuniambia."

"Ningekwambiaje, mama?"

Shirin aliinua mkono akaonyesha majora ya bluu na nyeupe. Atamshonea Edina sare mpya, ya kwake ya sasa imekuwa matambara. Mchango wa chakula cha shule ataulipa mwenyewe, kwa mwalimu moja kwa moja, wa mwaka mzima. Na kila Ijumaa Loisi atapata kilo tano za unga. Sharti ni moja: mtoto asionekane tena kwenye barabara hii wala nyingine saa za shule. "Akionekana, basi, Bibi Loisi. Sitagombana na wewe. Nitaacha tu."

"Hataonekana," Loisi alisema, na moyoni alimaanisha hivyo.

"Na zeze?" Mazengo aliuliza kutoka mlangoni.

"Zeze piga, mzee. Tutakusikiliza."

*

Ijumaa ya kwanza ya agano hilo Loisi alishika fimbo mwenyewe. Kila hatua tatu alisimama. Kila duka waliuliza jambo moja: mjukuu yuko wapi leo? Yuko shule, Loisi alijibu, naye alitegemea jibu hilo lingewafurahisha. Lilikuwa linawafurahisha kweli. Walisema vizuri sana, hongera, wakamtilia sarafu ya mia.

Mazengo alipiga wimbo wa mvua mara nne. Mwisho wa mstari aliukung'uta mkebe sikioni.

"Leo nimepiga vibaya?"

"Umepiga vizuri."

"Mbona chache?"

"Mwezi umekwenda, mzee. Watu hawana kitu."

Ilikuwa elfu tatu na mia nne, na bajaji ilikuwa imekula elfu mbili. Unga waliupata, kilo tano kamili, mweupe kuliko walivyozoea. Jioni Loisi alisonga ugali wakala na mlenda wakashiba wote watatu. Mwenye nyumba alikuja kabla hawajanawa. Loisi, kwa kukosa la kufanya, alimwonyesha mfuko.

"Unga mzuri," mwenye nyumba alisema. "Mimi napokea hela, bibi. Nakupa mpaka Jumamosi ijayo."

*

Sare ililetwa na mwalimu Zablon siku ya Jumatano, imekunjwa ndani ya gazeti. Sketi ya bluu yenye marinda, shati jeupe lenye kola iliyosimama. Edina aliivaa akazunguka chumbani, na Mazengo akaipapasa pindo kwa vidole akasema huyo fundi anajua kazi.

Kwa watu wa kwao, nguo uliyopewa haiingii mwilini kimyakimya. Unaivaa, unaongozana na wazee wako, unakwenda kuonekana nayo mbele ya aliyekupa. Usipofanya hivyo umemla mtu, umepangusa mdomo. Loisi aliliwaza jambo hilo siku mbili nzima. Jumamosi Mama Shirin hakai dukani, Jumapili hafungui. Asubuhi ya Ijumaa akaamua: ni saa moja tu, mtoto atashukuru, atarudi shule kabla ya mapumziko. Nitamwonea nikimwambia msomaji kwamba alikuwa anadanganya. Hakuwa anadanganya. Alikwenda kushukuru.

Hawakunyoosha mkono hata mara moja. Lakini Mazengo alikuwa na zeze lake, na mtoto alikuwa na fimbo na sare mpya, na mji una moyo laini kwa mtoto wa shule anayemwongoza kipofu. Mwanamke mmoja wa ofisini alishuka kwenye gari. "Soma sana, mwanangu," alisema akamsokomeza elfu tano kiganjani. Mwingine akaona, naye akatoa. Mwajabu, aliyekaa siku zote kwenye baiskeli yake ya miguu mitatu mbele ya duka la vyombo, aliwatazama wakipita akacheka kwa pua.

"Mama Gladness, sare hiyo ni duka. Usije ukaifua ikapauka."

Dukani walimkuta Alnashir peke yake. Mama yake alikuwa amekwenda kupima presha. "Nitamwambia mmekuja," alisema, macho yake yakiwa kwenye noti zilizochomoza kwenye ngumi ya Edina. Nje Loisi alizihesabu. Elfu kumi na nane. Mtoto hakuwahi shule siku ile, na Jumamosi mwenye nyumba alilipwa akaacha kukohoa.

Ningependa kusema liliishia hapo. Ijumaa iliyofuata kodi ilikuwa imelipwa, unga ulikuwepo, hakuna aliyewafukuza. Ila goti lilihitaji dawa, na kodi ya mwezi ujao ilikuwa njiani kama zilivyo kodi zote, na mbele ya macho ya Loisi elfu kumi na nane hazikuondoka. Alimwamsha Edina mapema. Akampigia pasi shati mwenyewe, kwa pasi ya mkaa ya jirani, akaisimamisha kola.

"Bibi, leo tunamshukuru nani?" mtoto aliuliza.

Loisi alimfunga kifungo cha juu. "Vaa viatu."

*

Mama Shirin aliwaona kabla hawajafika. Alitoka akasimama barazani, naye si mtu wa kutoka barazani. Edina alikuwa kwenye duka la vipuri, ameinama, goti limepinda, mikono miwili imekingwa, na mwanamume mmoja alikuwa anatafuta noti mfukoni.

Shirin hakupaza sauti. Alimsubiri mtoto amalize, akamwita, akaigusa ile kola kwa vidole viwili.

"Hii niliichagua mwenyewe," alisema. "Fundi aliniletea ya bei rahisi nikakataa."

"Mama, nilikuwa..." Loisi alianza.

"Usiseme, Bibi Loisi. Utasema uongo, na mimi nitakusamehe, na wiki ijayo tutakuwa hapa hapa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilisema sitagombana na wewe."

Aliingia ndani akatoka mikono mitupu, bila mfuko wa unga. Alnashir akaja na sahani ya bati, imejaa, akazimwaga sarafu zake kwenye mfuko wa kitambaa mbele ya watu. Wenye maduka walikuwa wamekwishazungumza, alisema. Kuanzia leo sahani hazitawekwa tena. Sadaka ya Ijumaa itapelekwa shule na hospitali, kwa majina na kwa risiti. Nyuma ya Loisi mstari ulikuwa umesimama: mzee wa magongo, mama wa mapacha, Mwajabu kwenye baiskeli yake.

"Na sisi majina yetu ataandika nani?" Mwajabu aliuliza.

"Tutatafuta utaratibu," Alnashir alisema, na kwa uso wake alikuwa anaamini.

Mwajabu aliigeuza baiskeli yake pole pole mpaka akawa anamtazama Loisi. Wote walimtazama, na Loisi angependa wangemtukana.

Mazengo alikuwa ameshaanza wimbo wa mvua. Alipiga ubeti mmoja, akasita, akasikiliza kimya.

"Kuna nini? Mbona leo hawalipi?"

Loisi alitafuta la kumwambia. Miaka sita alikuwa akilipata. Edina ndiye aliyemshika mkono mzee, mtoto wa watu, akamwambia kwa sauti ya kumtuliza.

"Babu, walikuwa wananipa mimi."

*

Siku mbili Mazengo hakuligusa zeze. Ya tatu, wakila ugali wa mwisho wa ule unga mweupe, alisema anataka kwenda Chemba kwa mdogo wake, Ernest.

"Ernest mwenyewe analala njaa," Loisi alisema.

"Tutalala wote. Nikiwa huko, hakuna wa kuniongoza mjini. Pasipokuwa na wa kuongozwa, mtoto ataenda shule." Alimega tonge akalishika bila kulila. "Kwa hiyo nilikuwa naomba, Mama Gladness. Miaka yote hii."

"Ulikuwa unapiga, mzee. Na ulipiga vizuri."

"Usinifiche tena. Nimezeeka."

Loisi alilia, naye mzee akasikia, akanyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega lake. Walikuwa hawajalala mbalimbali tangu arusi yao. Jumamosi walimsindikiza stendi. Kijana mmoja abiria aliliona zeze limefungwa kwenye khanga akamwomba babu awapigie kidogo wakisubiri gari lijae. Akatoa na elfu mbili.

"Sipigi," Mazengo alisema. "Ni mzigo tu."

Loisi alipata kazi ya kuchambua karanga kwa mfanyabiashara mmoja wa pale Miyuji, kazi ya kukaa, ambayo goti lake liliiweza. Malipo yalitosha nusu ya kodi. Nusu nyingine hakujua itatoka wapi. Mama Shirin alituma ujumbe kwa mwalimu: unga hautakuwepo, lakini chakula cha shule alikwisha kilipia na hatadai arudishiwe.

*

Jumatatu Loisi alimpeleka Edina mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa, mwendo wa kusimama kila hatua tatu. Sare ilikuwa imefuliwa. Watoto sitini na zaidi waligeuka wakamwangalia.

"Karibu tena, Edina," mwalimu Zablon alisema. Hakumuuliza alikokuwa, na jina lake alikuwa hajalipeleka kwa mtendaji. Alichukua mezani daftari jipya na penseli iliyochongwa, vitu alivyokuwa amemnunulia kwa hela yake, akamwita mbele.

Edina alitembea katikati ya madawati. Alipomfikia mwalimu aliinamisha kichwa. Goti likapinda. Mikono yote miwili ikakingwa pamoja, na sauti ikamtoka nyembamba, ya taratibu, ile ya barabarani.

"Mungu akuzidishie, baba. Akurudishie pale ulipotoa."

Kicheko kilianzia dawati la nyuma kikasambaa darasa zima. Zablon hakucheka. Alibaki na mkono wake mbele, daftari limeshatoka mkononi. Edina aliinua macho akamtazama mwalimu, kisha wenzake, kisha akageuka dirishani kumtafuta bibi yake amwambie amekosea wapi.

Loisi alikuwa amesimama pale, ameshika nondo za dirisha. Mtoto hakuwa amekosea kitu. Alikuwa amesema kila neno kama alivyofundishwa.